KIJIKO CHA MFUTO NA KIJIKO CHA TELE: KUFUNDISHA UKADIRIAJI WA UJAZO KATIKA SHULE YA MSINGI

Mada ya ujazo hufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na mara nyingi huanza na kwisha kwa kanuni moja tu: urefu mara upana mara kimo. Mwanafunzi huonyeshwa sanduku lililochorwa ubaoni, huzidisha namba tatu, huandika "sentimita za ujazo", na kupata alama ya vema. Kisha hutoka darasani asikutane tena na sanduku lile. Anachokutana nacho huko nje ni debe la mahindi, gunia la viazi, toroli la samadi na tela la mchanga. Vyombo hivi vingi havina pembe mraba, na wanaouza kwavyo hawamsubiri mtu akumbuke kanuni.

Makala haya yamekusudiwa kumwonyesha mwalimu mwanachuo namna ya kufundisha ukadiriaji wa ujazo kwa kutumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni kijiko cha trekta, yaani lile bakuli la chuma lililo mbele ya trekta, litumikalo kuchotea mchanga, kokoto, udongo wa bustani au samadi na kuvipakia katika tela la mnunuzi. Jambo tutakalolishikilia ni hili: kukadiria si kubahatisha. Kadirio jema hutaja mipaka yake, na hutaja hali ambayo kipimo kilichukuliwa. Mwanafunzi asiyefundishwa mambo hayo mawili atajua kuzidisha, lakini hatajua kama amepunjwa.

Kwa nini kijiko cha trekta

Mwalimu anayefundisha Soni, wilayani Lushoto, hana haja ya kutafuta mbali mifano ya kununua na kuuza kwa vyombo. Barabara ipandayo kutoka Mombo hupita hapo ikielekea Lushoto, na njia ya Bumbuli huanzia hapo. Mboga, viazi na matunda huteremka kwenda mijini. Saruji, mabati na mizigo mingine hupanda. Wanafunzi wengi wamekwisha kuona gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kofia juu, yaani lumbesa, na wazazi wao wanajua machungu yake: bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na zaidi.

Kijiko cha trekta ni ndugu wa lumbesa, ila upande wa hasara hugeuka. Katika lumbesa mkulima auzaye ndiye atoaye zaidi ya alicholipwa. Katika kijiko cha mchanga, mnunuzi aweza kulipia vijiko vitano vilivyojaa kilima akapewa vitano vilivyojaa usawa wa mdomo. Namba ni ile ile, tano. Mchanga si ule ule. Hapo ndipo hisabati huanza kuwa na maana kwa mtoto.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe maandalizi tu ya kwenda sekondari. Mengi yamebadilika katika shule zetu tangu wakati huo, lakini swali hilo lingali halali kwa kila somo: je, mtoto atakayeishia hapa amepata chombo cha kumlinda?

Maneno tuliyo nayo tayari

Mwalimu asianze kwa maneno mapya iwapo lugha imekwisha kumpa maneno ya kale yanayofaa. Katika biashara ya nafaka ya pwani, vipimo vilikuwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Tena watu walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kwa mkono au kijiti hata nafaka ikalingana na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichoachwa na kichuguu juu ya ukingo.

Tutatumia maneno hayo hayo: kijiko cha mfuto na kijiko cha tele. Tangu mwanzo wa somo mwanafunzi azoezwe kuuliza, kila anaposikia kipimo, "Cha mfuto au cha tele?" Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba huijua kila mtoto, mwalimu aulize darasa, je, kibaba hicho kimejaa lini?

Zana

Somo halihitaji trekta darasani. Mwalimu atengeneze kielelezo kwa boksi gumu, kiwe sehemu ya kumi ya kila kipimo cha kijiko halisi. Katika mfano wetu kijiko halisi kina upana wa ndani wa mita 1.6. Mdomo wake, kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, ni mita 0.8. Kina chake kikubwa, kutoka usawa wa mdomo hadi chini, ni mita 0.5. Basi kielelezo kitakuwa na upana wa sentimita 16, mdomo wa sentimita 8 na kina cha sentimita 5, na tumbo lake litakunjwa liwe mviringo kama la kijiko. Ziongezwe chupa tupu za maji za nusu lita, mchanga mkavu, rula, kijiti cha kufutia, na karatasi iliyochorwa viraba vya sentimita 1. Darasa likiwa kubwa, kila kundi la wanafunzi 8 au 10 liwe na kielelezo chake.

Hatua ya kwanza: kisio la macho

Kabla ya kupima chochote, kila kundi likisie: kielelezo hiki cha mfuto kitajaza chupa ngapi? Kisio liandikwe ubaoni, wala lisifutwe. Mwalimu asicheke kisio lolote, hata likiwa mbali na ukweli, kwa kuwa mtoto aliyechekwa mara moja hatakisia tena. Atasubiri jibu la jirani. Kisio huandikwa ili baadaye mtoto apime jicho lake mwenyewe.

Hatua ya pili: mipaka miwili

Hapa ndipo ulipo moyo wa somo. Mwalimu achore ubaoni umbo la ubavu wa kijiko, mdomo ukiwa juu na umelazwa sawa. Aulize: "Umbo hili hatujui eneo lake. Je, tunajua umbo lililo dogo kuliko hili, linaloingia ndani yake?" Wanafunzi wataona kwamba pembetatu yaingia: kitako chake ni mdomo, na ncha yake ni pale chini kabisa. "Je, twalijua lililo kubwa kuliko hili, linalolifunika lote?" Ni mstatili wenye urefu wa mdomo na kimo cha kina.

Kwa kijiko halisi, hesabu ni hizi:

Pembetatu: nusu ya 0.8 × 0.5 = mita za mraba 0.20. Ikizidishwa kwa upana wa 1.6, ujazo ni mita za ujazo 0.32.

Mstatili: 0.8 × 0.5 = mita za mraba 0.40. Ikizidishwa kwa 1.6, ujazo ni mita za ujazo 0.64.

Sasa darasa linajua jambo la hakika, ingawa halijajua jibu. Kijiko cha mfuto hakiwezi kupungua 0.32 wala kuzidi 0.64. Akija mtu kudai kwamba kijiko hicho cha mfuto hubeba mita nzima ya ujazo, mtoto wa shule ya msingi aweza kumjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, na akaonyesha kwa nini. Mwalimu akifika hapa kengele ikalia, somo halikupotea.

Hatua ya tatu: kuhesabu viraba

Ili kupunguza nafasi kati ya mipaka hiyo, kielelezo kilazwe ubavu juu ya karatasi ya viraba, na umbo lake lichorwe kwa penseli. Wanafunzi wahesabu viraba vilivyo kamili ndani ya mstari. Kila kiraba kilichokatwa na mstari kihesabiwe nusu. Tuseme wamepata viraba kamili 21 na vilivyokatwa 12. Jumla ni 21 na 6, yaani viraba 27, au sentimita za mraba 27. Zikizidishwa kwa upana wa sentimita 16, ujazo ni sentimita za ujazo 432. Makundi hayatapata namba moja. Hilo si kosa. Mwalimu aandike majibu yote, kisha darasa litafute wastani.

Baada ya hapo mchanga upimwe kwa chupa. Kielelezo kilichofutwa vizuri kitakaribia kujaza chupa moja ya nusu lita. Wanafunzi warudi kwenye visio vyao vya ubaoni na kila kundi litaje tofauti yake.

Hapo pana mshangao ambao mwalimu asiuruke. Kijiko halisi ni mara kumi ya kielelezo kwa kila kipimo. Je, kitabeba mara kumi ya mchanga? Wengi watasema ndiyo. Lakini kumi kwa upana, kumi kwa mdomo na kumi kwa kina ni elfu moja. Kijiko halisi hubeba sentimita za ujazo 432,000, yaani lita 432, au mita za ujazo 0.432. Kwa debe la lita 20, ni madebe 21 na zaidi ya nusu. Kwa debe la kale la mafuta ya taa, lililokuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, ni karibu madebe 24. Hata debe basi hapana budi liulizwe: la lita ngapi?

Hatua ya nne: kichuguu cha tele

Mchanga ulioachwa juu ya mdomo haupandi bila kikomo. Huteremka hadi upate mwinamo wake. Watengenezaji wa mashine hizi, wanapotaja ujazo wa tele wa kijiko cha kupakilia, hutumia mwinamo wa 2 kwa 1: kwa kila mita 2 za kwenda mbele, kichuguu hupanda mita 1. Mdomo wetu ni mita 0.8, na nusu yake ni 0.4, basi kilele cha kichuguu ni mita 0.2 juu ya mdomo.

Ubavu wa kichuguu ni pembetatu: nusu ya 0.8 × 0.2 = mita za mraba 0.08. Ikizidishwa kwa 1.6, tunapata 0.128. Lakini kichuguu huteremka pia katika ncha zake mbili za pembeni, kama paa la nyumba la migongo minne. Katika kijiko hiki mteremko huo huondoa sehemu moja ya sita, na kubakiza karibu 0.107. Wanafunzi wa shule ya msingi hawahitaji uthibitisho wake. Watosheke kwa kupima mchanga wa kichuguu cha kielelezo.

Kijiko cha tele basi ni 0.432 na 0.107, yaani karibu mita za ujazo 0.54. Tele imeongeza takriban robo ya mfuto.

Kutoka kijiko hadi tela

Sasa mwalimu alete biashara. Tela lina urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 0.5. Hili ni sanduku, na kanuni ya kitabuni yatosha: mita za ujazo 2.7. Wanafunzi wagawanye. Vijiko vya tele 5 hulijaza kamili, kwa maana 5 × 0.54 = 2.7. Vijiko vya mfuto 5 hutoa mita 2.16 tu. Pungufu ni 0.54, yaani kijiko kizima cha tele.

Tuseme kijiji kinachangia ujenzi wa darasa, nacho kimenunua mchanga wa matela 10 kwa hesabu ya vijiko 5 kila tela. Kama makubaliano yalikuwa tele na kilichopakiwa ni mfuto, pungufu ni mita za ujazo 5.4, sawasawa na matela 2. Kijiji kimelipia kumi na kupokea manane. Fedha hiyo ilitoka katika viazi vya mtu na kuku wa mtu. Mwanafunzi akiiona hesabu hii ubaoni, hataiona tena desimali kuwa adhabu.

Hata hivyo mwalimu afundishe haki ya pande zote. Si kila upungufu ni wizi. Mchanga na udongo hushuka kwa mtikisiko wa safari, na njia zetu za milimani zina kona nyingi; tela lililoondoka limejaa laweza kufika likiwa na nafasi juu bila mtu kuchukua hata beleshi moja. Muuzaji na mnunuzi wakubaliane mapema: wapi tutapima, kwa hali gani, mfuto au tele.

Maji ndani ya mchanga

Jaribio lifuatalo huwapendeza sana wanafunzi, nalo ni la kweli katika kila eneo la ujenzi. Jaza kopo mchanga mkavu laini hadi mfuto, kama kilo 2. Umwage juu ya plastiki, nyunyiza maji kidogo, karibu gramu 100, uchanganye vizuri, kisha urudishe koponi bila kushindilia. Hautaingia wote. Maji kidogo hushikamana na punje na kuzitenganisha, na mchanga huvimba. Mchanga laini huweza kuvimba kwa robo au zaidi. Ukiendelea kumimina maji hadi uloane kabisa, utashuka tena hadi karibu na ujazo wake wa kwanza.

Maana yake ni kwamba tela la mita 2.7 la mchanga mbichi uliovimba kwa robo lina mchanga wa mita 2.16 tu ukikauka, kwa kuwa 2.7 ÷ 1.25 = 2.16. Fundi apimaye mchanga wa zege kwa karai hapana budi alijue hilo, ama sivyo atapunguza mchanga asipokusudia.

Ujazo si uzito

Wanafunzi huchanganya mambo haya mawili, na hata watu wazima husema "lori la tani 7" wakikusudia ukubwa wa bodi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo 1,600. Samadi iliyokauka ni nyepesi zaidi kwa mbali. Kijiko chetu cha tele cha mchanga mkavu ni karibu kilo 860. Kijiko kile kile cha samadi chaweza kuwa chini ya nusu ya hapo. Lori la tani 7 basi hubeba mchanga mkavu wa mita za ujazo 4.4 tu, hata kama bodi yake ina nafasi ya zaidi. Anayeuza kwa uzito huweza kuuza maji. Anayeuza kwa ujazo huweza kuuza uvimbe. Mnunuzi mwenye akili huuliza yote mawili.

Makosa ya kutazamia

Kosa la kwanza ni kubadili vipimo. Kwa kuwa mita 1 ni sentimita 100, mwanafunzi hudhani mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 100. Wajenge fremu ya mita moja kila upande kwa fito, wasimame ndani yake, wahesabu: 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000.

Kosa la pili ni usahihi wa uongo. Mtoto akihesabu viraba kwa jicho kisha akaandika mita 0.4320, amesema zaidi ya anavyojua. Azoezwe kuandika "karibu 0.43, haipungui 0.32, haizidi 0.64".

Kosa la tatu ni la mwalimu mwenyewe: kulifanya kadirio kuwa kipimo cha biashara. Sheria ya Vipimo ya Tanzania ipo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye kazi ya kuhakiki vipimo vitumikavyo katika biashara. Kadirio halichukui nafasi ya kipimo kilichohakikiwa. Humsaidia raia kujua ni lini aombe kipimo hicho.

Tahadhari

Mwalimu akitaka vipimo vya kijiko halisi, aende peke yake kwa ruhusa ya mwenye trekta, kijiko kikiwa kimeshushwa chini na mashine imezimwa. Asisimame mtu yeyote chini ya kijiko kilichoinuliwa, hata kwa dakika moja, na wanafunzi wasipelekwe karibu na mashine inayofanya kazi. Kielelezo cha boksi chatosha.

Kazi ya mwanachuo

Kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo achague chombo kimoja cha eneo la shule atakayopangiwa: toroli, karai, tenga la mboga au kijiko cha trekta. Atafute mpaka wa chini na mpaka wa juu wa ujazo wake, akadirie kwa viraba, kisha apime kwa maji au mchanga. Aandike andalio la somo la vipindi viwili: cha kwanza kiishie kwenye mipaka miwili, cha pili kiishie kwenye swali la kununua na kuuza. Katika swali hilo asisahau kutaja mfuto au tele, maana swali lisilotaja hali ya kipimo humfundisha mtoto kukubali mzigo asiouona.